MAZIWA YA MAMA NA TUMBO LA MTOTO MCHANGA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka)



Huenda mzee mmoja akajiuliza, karani na maziwa ya akina mama wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Mtoto wetu wa kwanza, siku ya tatu tangu kuzaliwa, alinyweshwa maji ya sukari, na mikono yetu wenyewe ndiyo iliyoyakoroga. Kesho yake akaharisha, akanyong'onyea hata sauti ya kulia ikamwisha. Alipona, kwa rehema za Mungu. Nasi tukaanza kuulizauliza.

Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, yamejaa kinga iitwayo imunoglobulini A. Kinga hiyo hutanda ndani ya matumbo, wadudu wa maradhi wasipate pa kushika. Tena katika maziwa ya mama mna sukari za namna zaidi ya 100 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Basi zawekwa kwa ajili ya nani? Ni posho ya walinzi! Huliwa na vijidudu vyema viitwavyo bifidobakteria, navyo hutoa asidi inayowafanya wadudu wabaya wasistawi tumboni. Vijidudu hivyo huyazoeza matumbo na kinga ya mwili kazi yake tangu siku za mwanzo.

Maji na uji huleta uchafu wa nje kabla ulinzi huo haujasimama. Na mtoto aliyeshiba maji hanyonyi. Asiponyonya, maziwa hupungua. Wala kiu si hoja, kwa kuwa katika sehemu 100 za maziwa ya mama, karibu 87 ni maji.

Katika Kenya, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha watoto 61 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 wakinyonya tu pasipo kingine. Ule wa 2022 ukaonyesha 60. Miaka minane, wala hatukusogea. Sheria ya 2012 yawabana wauzaji wa maziwa ya kopo, lakini haifiki jikoni mwa bibi. Huko lafika neno lenu, wazee wetu.

Mtoto wetu wa pili hakuonja maji mpaka alipotimiza miezi 6. Mama yetu mzazi alitununia juma zima, nasi tukavumilia. Leo yeye ndiye awakatazaye majirani.

Bwana Mwenyekiti, mkunga wa zahanati yumo humu ukumbini. Maswali yatakayotushinda tutamwachia yeye.