Tasa ya Euler na Mizani ya Manufaa



Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu cha nadharia ya namba. Alipofika kwenye namba timilifu inayojengwa juu ya 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, alitoa hukumu inayonikera mpaka leo: kwamba pengine haitapatikana kubwa kuliko hiyo, maana namba za aina hii ni za kustaajabisha tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta.

Utabiri uliporomoka. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Ugomvi wangu ni na ile sababu, kwa kuwa bado tunatupiwa kila tunapoliombea somo hili fedha.

Wenzangu wengi huijibu kwa kompyuta. Ni kweli, mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller waliitumia 2³¹ − 1 hiyo hiyo kuzalisha namba za kubahatisha kwenye mashine za IBM: zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudi ulikoanzia. Jibu zuri, lakini limekwisha kuikubali mizani ya Barlow. Kwa mizani hiyo, kazi ya Euler, mwanahisabati aliyethibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1 ni tasa, haikuwa na thamani kwa karibu miaka 200, mpaka mashine zilipoihitaji. Siwezi kukubali.

Tazameni alichofanya. Kuthibitisha kwa nguvu kungedai kujaribu tasa zote hadi 46,340, karibu elfu tano. Euler, mzee ambaye macho yalikuwa karibu yamempotea, alifikiri kwanza. Tasa yoyote inayoigawa 2³¹ − 1 lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa 62, kwa kuwa 31 nayo ni tasa. Tena, 2³² ikigawanywa kwa tasa hiyo inabakiza 2. Basi katika mabaki ya tasa hiyo 2 ina kipeuo cha pili, yaani 2¹⁶, na hilo hutokea tu ikiwa tasa yenyewe, ikigawanywa kwa 8, inabakiza 1 au 7. Unganisha masharti hayo: kwa 248, baki ni 1 au 63. Zinasalia tasa 84, na hakuna aliyegawanya bado hata mara moja!

Nilipokuwa nafundisha kidato cha sita Morogoro, niliwapa wanafunzi ya kwanza kati ya hizo, 311. Waligawanya kwa mkono ubaoni, ikabaki 35. Msichana mmoja akauliza mbona 313 tunairuka. Nikamrudishia swali, akalijibu mwenyewe: kwa 62 inabakiza 3. Uso wake ulivyong'aa sijausahau.

Barlow hakuwa mtu mdogo. Majedwali yake ya mwaka 1814 yalitumika kizazi baada ya kizazi. Nakubali pia kwamba wananchi wanaotulipa kwa kodi zao wana haki ya kuuliza wanapata nini. Wanapata hiki: uwezo wa kuwa na hakika juu ya tasa zaidi ya 4,700 ambazo hakuna aliyezigusa. Nasema hayo ndiyo manufaa ya kwanza ya 2,147,483,647, na yalikuwa kamili mwaka 1772.