Mafuta Yanayovuja Katika Mtambo wa Lori: Chanzo Hakiko Pale Yanapodondoka



Katika nchi ya chai, tangu Kericho hata Bomet, lori ni mkono wa pili wa mkulima. Mkulima wa Silibwet huamka alfajiri, huchuma majani mawili na chipukizi, huyabeba hadi kituo cha kununulia majani, na huko hupimiwa kilo zake. Kisha kazi yake yote hungoja lori. Lori lisipofika kwa wakati, majani yaliyorundikana hupata joto, hugeuka kuwa mekundu, na kiwanda hakiwezi kutengeneza chai nzuri kwa majani ya namna hiyo. Halmashauri ya Maendeleo ya Chai ya Kenya ilianzishwa mwaka 1964, ikageuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, lakini jambo hili halikubadilika: jani lililochumwa halina subira. Kwa hiyo tone la oili linalodondoka chini ya mtambo si shauri la dereva peke yake. Ni shauri la kila mama aliyeketi kituoni na kikapu chake.

Dereva anapoona tone hilo, aghalabu hufanya moja la mambo mawili. Ama huongeza oili kila asubuhi na kunyamaza, ama humwita fundi naye akatazama palipo na tone na kusema papo hapo, "Sili ya nyuma imekufa." Njia ya kwanza ni ya hatari, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Njia ya pili huonekana kuwa ya busara, lakini mara nyingi hula fedha bure.

Mfano ni huu. Oili inadondoka pale mtambo unapoungana na giaboksi. Giaboksi inateremshwa, klachi inatolewa, sili mpya inatiwa, na kazi hiyo inachukua siku mbili. Baada ya wiki moja tone ni lile lile. Chanzo kilikuwa juu kabisa, katika gasketi ya kifuniko cha valvu, upande wa nyuma ambao jicho halifiki. Oili ilikuwa ikishuka polepole nyuma ya mtambo hata ikafika chini, na sili isiyo na kosa ikatiwa hatiani.

Watu wanaoishi chini ya mabati katika nchi yenye mvua nyingi wanalifahamu vema jambo hili. Maji huingia katika tundu la msumari karibu na kilele cha paa, hufuata boriti, kisha hudondoka juu ya kitanda kilicho mbali na tundu lile. Hakuna mwenye nyumba atiaye kiraka juu ya kitanda. Na mtambo ni vivyo hivyo. Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Basi kanuni ni hii: chanzo kitafutwe mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa, si mahali panapodondoka.

Kazi ya kutafuta ina hatua zake, na mwenye kuruka hatua moja hurudi mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kujua kinachovuja. Kipande cha karatasi ngumu kiwekwe chini ya lori usiku kucha, nacho kitasema asubuhi. Oili ya mtambo wa dizeli ni nyeusi kwa sababu ya masizi ya moto, hata ikiwa ilibadilishwa siku chache zilizopita. Oili ya giaboksi ni nzito, nayo ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Dizeli ni nyepesi na harufu yake haijifichi. Maji ya rejeta hayatelezi kama oili.

Hatua ya pili ni kupima. Lori lisimame mahali palipo sawa, jambo linalotaka uangalifu katika vilima vya Silibwet, kwa maana kijiti cha kupimia husema uongo kwenye mteremko. Mtambo uzimwe, nayo oili ipewe dakika kadhaa ishuke chini. Ikiwa imepungua, kiasi chake kiandikwe pamoja na maili au kilomita zilizokwenda. Ikiwa imezidi alama ya juu, huenda kuvuja kunatokana na kujaza kupita kiasi. Na ikiwa inapanda bila mtu kuongeza, dereva asifurahi: dizeli au maji yanaingia ndani, na oili iliyochanganyika hivyo hailindi chuma.

Hatua ya tatu ni kuosha. Hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Mtambo uliojaa tope na oili ya miaka mitatu hauwezi kuonyesha kitu. Uoshwe ukiwa umepoa, kwa dawa ya kuondoa mafuta na burashi, altaneta na mdomo wa kuvutia hewa vifunikwe, kisha ukaushwe. Na kazi hiyo isifanywe kando ya mto.

Hatua ya nne ni kunyunyiza poda nyeupe, ile ya watoto, juu ya sehemu zinazoshukiwa. Kisha mtambo uwashwe uzunguke polepole kwa dakika kumi, na fundi atazame kwa tochi, akitumia kioo kidogo kwa pande zilizofichika. Poda nyeupe hulowa pale oili inapotokea kwanza. Ikiwa hakuna kitu, lori liende safari fupi yenye mlima, kwa sababu baadhi ya nyufa hufunguka tu wakati oili ina joto na presha. Wakati wote huo tanboi asikaribishe mikono wala nguo zilizolegea kwenye feni na mikanda yake. Magurudumu yawekewe vizuizi. Wala mtu asiingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Hatua ya tano ni kufuata utaratibu, tangu juu hata chini. Kwanza kifuniko cha valvu. Kisha mabomba ya oili yanayokwenda na kurudi kwenye turbo, ikiwa mtambo unayo. Pampu ya dizeli. Na kompresa ya hewa ya breki. Halafu chujio la oili, ambapo mara nyingine hugunduliwa kwamba mpira wa chujio la zamani ulibaki umenata, la jipya likafungwa juu yake. Kisha swichi ya presha ya oili, kifuniko cha mbele na sili yake, gasketi ya sampu, na bolti ya kumwagia oili. Sili ya nyuma ihukumiwe mwisho, baada ya wengine wote kuonekana hawana hatia.

Liko jambo moja linalowadanganya hata mafundi wenye ujuzi. Pengine oili hutoka mahali patatu au panne kwa pamoja, na kila gasketi inayobadilishwa hufuatwa na nyingine. Hapo kosa si la gasketi. Mtambo una bomba la kupumulia, ambalo hutoa hewa inayopenya kando ya pistoni na kushuka chini. Bomba hilo likizibwa na tope la barabara za mashambani, au likipindika, hewa hukosa njia na kuisukuma oili kupitia kila mlango iupatao. Basi bomba hilo lisafishwe kabla ya kununua sili yoyote. Kisha, mtambo ukiwa unazunguka polepole, kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe kwa uangalifu. Moshi ukitoka hapo kwa nguvu, kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima, ringi za pistoni zimelika, na hakuna gasketi itakayoponya ugonjwa huo.

Chanzo kikiisha kupatikana, kuna kosa jingine la kuepuka, nalo ni nguvu. Fundi akikaza bolti za kifuniko au za sampu mpaka spana ilie, gasketi hupondeka na bati hupinda, na kuvuja huzidi. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha mtambo ule.

Tena yako mambo yasiyongoja. Oili inayodondokea ekzosi au turbo yaweza kuwasha moto. Oili iliyofika kwenye klachi huifanya iteleze, na lori lenye shehena haliwezi kupanda. Na taa ya presha ya oili ikiwaka, dereva azime mtambo papo hapo, hata kama kituo cha chai kiko mbele ya macho yake. Mtambo ukikosa oili dakika chache tu, vyuma hushikana, nazo gharama zake huzidi sana bei ya gasketi.

Mwisho, ni vema kukumbuka kwamba tone halipotei linapofika chini. Mvua huliosha likaingia mtaroni, na maji ya pande hizi huteremkia mto Nyangores. Nyangores huungana na Amala na kuwa mto Mara, ambao hupita katika nchi ya wanyama, huvuka mpaka na kuingia Tanzania, na humwaga maji yake katika ziwa Victoria. Watu wengi na mifugo mingi hunywa maji hayo. Kwa hiyo oili iliyomwagwa wakati wa kazi ikusanywe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa kwa wale wanaoipokea, wala isimwagwe nyuma ya gereji.

Mwenye lori huona uchungu kumlipa fundi kwa muda wa kuosha na kutazama tu, bila kufungua hata bolti moja. Lakini muda huo ndio ulio rahisi kuliko yote atakayoulipia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema; na katika mtambo, kabla ya kuziba ufa, sharti kwanza uonekane ulipo.