Kompyuta Ikizimika, Ianzie Wapi?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na penseli, maana leo tutaandika na kujumlisha. Kiongozi wa darasa naye ashike chaki.

Leo tunazungumza juu ya kompyuta inayofanya hesabu isiyokwisha. Msishtuke. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu.

Tuseme chama cha ushirika kinapokea kahawa. Kila mkulima akipima mzigo wake, mizani hupeleka taarifa kwenye kompyuta: fulani ameleta kilo kadha wa kadha. Taarifa hizo huja moja baada ya nyingine, leo na kesho, kama maji ya mto. Kwa hiyo wenye kazi hii huziita mkondo wa data. Data maana yake ni habari zilizowekwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzisoma.

Sasa andikeni. Taarifa ya 0, kilo 50. Taarifa ya 1, kilo 80. Taarifa ya 2, kilo 40. Taarifa ya 3, kilo 60.

Naam, tumeanza na 0, wala si 1. Desturi hiyo huwachanganya wengi, lakini ndivyo inavyohesabu Kafka, programu inayotumika sana kutunza taarifa za mkondo. Kafka ilitengenezwa Marekani katika kampuni ya LinkedIn, na tangu mwaka 2011 mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo.

Programu nyingine, tuiite karani, huzisoma taarifa hizo na kujumlisha kilo. Karani huyu ana mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni jumla. La pili ni alama, yaani nambari ya taarifa atakayoisoma sasa hivi. Angalieni vizuri: si ile aliyokwisha kuisoma, bali ile inayofuata. Amesoma ya 0 na ya 1. Jumla ni kilo 130, na alama ni 2. Kiongozi, andika ubaoni: jumla 130, alama 2.

Mara umeme unakatika! Yote aliyokuwa nayo karani kichwani yamefutika. Kilichobaki ni kile tu alichokiandika mahali pa kudumu.

Mwenzetu mmoja atasema: basi, aanze upya tangu 0. Kwa taarifa nne si kitu. Lakini zikiwa milioni nyingi, wakulima watangoja malipo mpaka wachoke. Tena taarifa za zamani huenda hazipo, maana Kafka, isipoagizwa vingine, hutunza taarifa kwa siku 7, kisha huanza kuzifuta. Hapana budi karani aandike mahali alipofikia.

Hapa ndipo makosa yanapoingia. Tuseme karani ana madaftari mawili, moja la jumla na moja la alama. Anasoma taarifa ya 2, kilo 40. Anaandika jumla mpya, 170. Kabla hajaligusa daftari la alama, umeme unakatika. Akirudi, alama bado inasema 2. Anaisoma taarifa ya 2 mara ya pili, anapata 210. Anaongeza 60 za taarifa ya 3, anapata 270. Jumlisheni wenyewe mwone: haki yake ni 230. Chama kitalipa kilo 40 ambazo hazikuletwa.

Na akianza na alama je? Anaandika alama 3, kisha umeme unakatika kabla ya kuandika jumla. Akirudi, jumla ni 130, na anaendelea na taarifa ya 3. Anapata 190. Mzee aliyeleta kilo 40 ameondoka na mikono mitupu, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo jumla na alama ziandikwe pamoja, katika ukurasa mmoja na kwa tendo moja: ama ziingie zote mbili, ama isiingie hata moja. Ukurasa wa zamani usichanwe mpaka ule mpya umekwisha kukamilika. Na daftari lisilazwe ndani ya kompyuta ile ile tu, maana kompyuta ikiharibika kabisa, daftari nalo limekwenda.

Programu za kusomea za Kafka zina desturi ya kuandika alama zenyewe kila baada ya sekunde 5, zisipoagizwa vingine. Jambo hili huwadanganya watu. Wanaiona alama, wanalala usingizi. Lakini iliyoandikwa pale ni alama peke yake; jumla haimo.

Makarani wakiwa wengi, kazi ni ngumu zaidi. Mmoja anasoma taarifa, mwingine anajumlisha kwa kila kijiji, wa tatu anatengeneza malipo. Wote waandike lini, ili madaftari yao yapatane? Mwaka 1985 wataalamu wawili, Chandy na Lamport, walieleza msingi wa njia yake. Fikirini magunia yanayopita mkono kwa mkono. Katikati ya magunia tunatia kadi. Kadi ikimfikia karani, anaandika hesabu ya yote yaliyotangulia kadi, kisha anaipitisha kwa mwenzake. Karani anayepokea kutoka mistari miwili hungoja kadi za mistari yote miwili ndipo aandike. Kazi haisimamishwi kote, na bado kurasa zote husema habari za wakati mmoja. Programu iitwayo Flink hutumia njia ya namna hiyo.

Kadi ipite mara ngapi? Ikipita mno, makarani wanaandika kuliko kuhesabu. Ikikawia, umeme ukikatika kuna kazi nyingi ya kurudia. Kila chama kipime chenyewe.

Sasa zoezi. Karani ameandika ukurasa: jumla 230, alama 4. Kisha akasoma taarifa ya 4, kilo 70, na taarifa ya 5, kilo 30. Kabla hajaandika ukurasa mpya, umeme ukakatika. Akirudi, ataanza na taarifa ipi, na mwisho wa taarifa ya 5 atakuwa na kilo ngapi? Fanyeni kila mtu peke yake kwanza, kisha mlinganishe na jirani. Kwaherini.