Kuchagua Mashine ya Kuondoa Unyevu kwa Chumba cha Chini ya Ardhi



Zipo familia jijini Johannesburg zinazoishi katika vyumba vya chini ya ardhi kwa sababu ya unafuu wa kodi. Humo ukuta hunuka, godoro huota kuvu, na mtoto mwenye pumu hukohoa usiku kucha. Mzazi akisikia habari za mashine ya kuondoa unyevu hewani, hukusanya akiba yake na kwenda dukani. Kabla fedha hiyo haijatoka, yafaa lieleweke jambo moja: kipimo cha mashine hufuata wingi wa maji yaliyomo chumbani, wala si upana wa chumba peke yake.

Kwanza, chanzo cha maji kijulikane. Kipande cha plastiki kibandikwe ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe, kisha kiachwe siku mbili. Matone yakionekana nyuma ya plastiki, maji yanapenya ukutani kutoka kwenye udongo au bomba bovu. Hapo hakuna mashine itakayotosha. Ukarabati hutangulia, na mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi. Akikaidi, mpangaji aweza kupeleka malalamiko yake, bila malipo, kwenye Baraza la Nyumba za Kupangisha la Gauteng. Matone yakiwa juu ya plastiki, upande wa chumbani, unyevu unatokana na hewa ya ndani: mapishi, nguo zinazoanikwa, pumzi za walalao, na hita. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke.

Pili, majira ya mahali yazingatiwe. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha kiangazi, takriban Oktoba hadi Machi. Mwezi Juni na Julai hewa ya nje mchana huwa kavu mno; dirisha likifunguliwa adhuhuri kwa nusu saa, chumba hukauka bila gharama. Kwa hiyo mashine huhitajika zaidi katika miezi ya mvua.

Tatu, tarakimu za kwenye kasha zisomwe kwa uangalifu. Lita kwa siku zinazotajwa hapo mara nyingi hupimwa katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Katika chumba chenye ubaridi, mashine hiyo hiyo yaweza kutoa nusu tu ya maji hayo, au pungufu. Kwa chumba cha mita 4 kwa 5 chenye harufu na madoa machache, mashine ya lita 10 hadi 12 kwa kawaida hutosha. Kuta zikitiririka matone, au nguo zikianikwa ndani, ya lita 16 hadi 20 ndiyo ifaayo. Vile vidude vidogo vya bei rahisi, vikusanyavyo chini ya lita moja kwa siku, vinafaa kabati tu.

Umeme nao uhesabiwe. Mashine ya wati 250 ikifanya kazi saa 10 hutumia uniti mbili na nusu. Kubwa mno hugharimu zaidi kununua. Ndogo mno huunguruma mchana na usiku, na kuvu isiondoke.

Mashine ikishawashwa, milango na madirisha yafungwe, chombo cha maji kimwagwe kila siku, na chujio lisafishwe. Kipima unyevu, ambacho bei yake ni ndogo, kionyeshe kati ya asilimia 40 na 50, wala kisizidi 60. Kitu kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita, kwani baada ya hapo kuvu huanza kuota.

Jambo la mwisho ni la uhai. Chumba kikiwa na baridi na unyevu, jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini, na mashine ya kuondoa unyevu haiiondoi sumu hiyo.

Basi utaratibu ni huu: ufa uzibwe, dirisha lifunguliwe, unyevu upimwe, ndipo mashine inunuliwe. Na kikohozi cha mtoto kikiendelea, apelekwe kliniki bila kusubiri ukuta ukauke.