KODI NA NAULI
Maneno kwa wanachama wanaotafuta nyumba Nairobi



Mwisho wa mwezi uko mlangoni na mikokoteni ya kuhamisha vitanda imekwisha kuagizwa. Halmashauri yenu imeona ni vema tuseme juu ya nyumba leo, kabla ya kwenda mezani na waajiri kuzungumza juu ya posho ya nyumba. Hatukuja kuwapa pole. Tumekuja na hesabu.

Watu wengi wakitafuta nyumba huuliza neno moja tu: kodi ni pesa ngapi? Huko ndiko tunakoanza kupotea. Kodi hailipwi peke yake. Inalipwa pamoja na nauli, na zote mbili zatoka katika mshahara mmoja. Mwenye nyumba aliye mbali akikwambia chumba chake ni rahisi, ujue anayekulipisha sehemu iliyobaki ni mwenye matatu.

Na tufanye mfano. Ndugu mmoja anafanya kazi Industrial Area. Amepata chumba Githurai kwa shilingi 6,000. Mwingine amepata chumba upande wa Embakasi kwa shilingi 8,500. Wa kwanza asubuhi apanda gari hadi mjini, tuseme shilingi 70, kisha gari la pili hadi kiwandani, shilingi 30. Jioni ni vivyo hivyo. Hiyo ni shilingi 200 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200. Chumba cha shilingi 6,000 kimekuwa shilingi 11,200. Wa pili apanda gari moja tu la shilingi 30 kwenda na 30 kurudi, jumla 1,560 kwa mwezi. Chumba chake kimefika shilingi 10,060. Yule aliyejisifu kuwa amepata rahisi alipa zaidi kwa shilingi 1,140, na bado hatujahesabu mvua. Ninyi nyote mwajua mvua ikinyesha jioni nauli hupanda kabla maji hayajafika kwenye mtaro. Nambari hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Neno la pili ni njia zenyewe. Mji wa Nairobi umejengwa kama gurudumu la baisikeli: njia karibu zote zaelekea mjini katikati, na zinazozunguka pembeni ni chache. Kwa hiyo mtu wa Kawangware anayefanya kazi Industrial Area hana budi kushuka mjini na kupanda tena, au atembee kwa miguu kutoka hapo. Basi usiulize tu kama nyumba iko karibu na stegi. Uliza stegi hiyo yakupeleka wapi. Ni afadhali stegi iliyo mwendo wa dakika kumi na tano yenye gari lipitalo karibu na lango la kazi, kuliko stegi iliyo chini ya dirisha lako ambayo magari yake yote yaishia mjini. Barabara ya Thika ilipomalizika kupanuliwa mwaka 2012, wengi walihamia Roysambu, Zimmerman na Kasarani kwa sababu ya njia nzuri. Kwa afanyaye kazi mjini au Ruaraka, sawa. Lakini wa Industrial Area bado alipa mara mbili.

Tusisahau gari moshi. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na reli ya abiria yapita Imara Daima na Makadara. Njia nyingine zaenda Embakasi, Ruiru na Kikuyu. Gari moshi halishikwi na msongamano, wala halipandishi nauli kwa kuona wingu. Lakini lina saa zake: asubuhi laleta watu mjini, jioni lawarudisha. Anayefanya kazi mchana atafaidika. Anayetoka zamu saa nne ya usiku asikodi nyumba kwa kutegemea gari ambalo wakati huo limelala. Kwanza soma saa za treni, kisha ndipo uitazame nyumba.

Tena twawaambia hasa ndugu na dada wa zamu za usiku: msiende kutazama nyumba Jumapili mchana. Jumapili mchana kila mtaa ni mzuri. Nenda saa ile ile utakayokuwa ukitoka au kurudi, saa kumi na moja alfajiri kama hiyo ndiyo saa yako, ukatembee kutoka mlangoni hadi stegi. Tazama kama kuna taa, kama maduka yamefunguliwa, kama kuna watu wengine njiani, na gari la kwanza laondoka saa ngapi. Ukipitia kando ya mto au reli gizani, hiyo nayo ni kodi, ila hailipwi kwa shilingi. Dada mmoja wa idara ya kufunga mizigo aliacha chumba kizuri baada ya wiki mbili kwa sababu ya hatua mia tatu za giza. Dipoziti yake haikurudi.

Juu ya dipoziti na madalali, tuseme kwa kifupi. Usilipe ada ya kuonyeshwa nyumba kwa mtu usiyemjua, na usitume pesa kwa simu kabla hujauona mlango ukifunguliwa kwa ufunguo. Waulize wapangaji, si mwangalizi wa ploti, juu ya maji: yaja siku gani, na nani huyapandisha hadi orofa ya sita. Kule Pipeline kuna majumba marefu yaliyosongamana hata jua haliingii vyumba vya chini, na mtungi wa maji hupandishwa kwa mabega. Mtu aliyesimama saa nane kwenye mashine hataki tena ngazi mia akiwa na lita ishirini. Na risiti uidai kila mwezi. Ukiwa katika chumba ambacho kodi yake halali haipiti shilingi 2,500, kuna sheria ya kuzuia kodi na baraza lake la kusikiza mashauri; mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa matusi na kufuli tu bila amri. Kiwango hicho ni cha zamani sana, na vyumba vya mawe karibu vyote vimekwisha kukipita. Hilo nalo lafaa kupigiwa kelele.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuita hapa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, mahali pa kazi au karibu napo, ama amlipe juu ya mshahara wake pesa za kutosha kupata nyumba ya kufaa. Sikieni neno hilo: karibu. Si sisi tuliolitunga. Tena si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1939 vibarua wa Mombasa waliweka chini sururu zao kwa ajili ya nyumba. Reli nayo ilijenga landhi za Muthurwa ili watu wake wawe karibu na karakana. Hatusemi turudi kwenye landhi, maana aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba siku hiyo hiyo. Twasema pesa zitoshe.

Amri ya mishahara ya jumla yaweka posho kuwa asilimia 15 ya mshahara wa chini wa msingi. Yaani kwa kila shilingi 1,000, shilingi 150. Linganisheni na kodi mnayolipa. Kuna na mlango ambao waajiri huupenda: sheria yaruhusu posho ichanganywe ndani ya mshahara wa msingi, kama mkataba wasema hivyo. Kwa hiyo kila mmoja atazame karatasi yake ya mshahara usiku huu. Je, nyumba imeandikwa mstari wake? Au umeambiwa imo humo humo ndani, na mshahara haukuongezeka hata senti?

Mezani mwajiri atatuambia kuwa watu wamechagua wenyewe kukaa mbali. Tutamjibu kwa karatasi. Kila mwanachama aandike mambo manne: mtaa anaokaa, kodi ya mwezi, nauli ya kwenda na kurudi, na saa anayotoka nyumbani. Jina si lazima. Risiti za kodi zikiwapo, leteni nakala. Wa zamu ya usiku wampe mjumbe wa idara yao asubuhi wakitoka. Wengine watamkuta katibu ofisini kila jioni kuanzia saa kumi na moja hadi Ijumaa. Jumatatu twaingia mezani.