Kamera Inapomtazama Spika Peke Yake

Katika jiji hili la Johannesburg kuhudhuria kikao cha madiwani ni haki ya mwananchi. Kifungu cha 160 cha Katiba ya mwaka 1996 kinalitaka baraza liendeshe shughuli zake kwa uwazi, na lisifunge milango ila pale ambapo shughuli yenyewe inatoa sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo, kifungu hicho hakitaji kamera wala intaneti. Kikao kisiporushwa, mkaazi wa Orange Farm ambaye bomba lake halitoi maji itambidi apande teksi, yaani matatu ya huku, na kupoteza kutwa ya kazi ili amsikie diwani wake.

Kwa hiyo wanaotaka vyombo vya umma vilazimishwe kurusha vikao vyao moja kwa moja wana hoja, nami naiunga mkono. Ila mtu wa kazi yangu huuliza kwanza ni nani anayeishika kamera.

Februari 12, 2015, Rais Jacob Zuma alikuwa akilihutubia Bunge mjini Cape Town. Hata kabla ya hotuba, mawasiliano ya simu ukumbini yalizibwa, na waandishi wa habari wakainua simu zao juu wakipinga. Kisha wabunge wa chama cha EFF wakatolewa kwa nguvu. Matangazo yaliendelea, lakini watazamaji majumbani walionyeshwa Spika Baleka Mbete ameketi kitini pake, kwa kuwa kanuni za Bunge ziliagiza kwamba vurugu kubwa zikizuka, kamera imwelekee yeye. Kampuni ya utangazaji ya Primedia na wenzake walikwenda mahakamani. Walishindwa katika Mahakama Kuu. Lakini Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa, Bloemfontein, iliamua kwamba kanuni hiyo ilikiuka Katiba, na kwamba kuziba mawasiliano hakukuwa halali.

Linganisha na Tume ya Jaji Raymond Zondo kuhusu kutekwa kwa dola, ambayo ushahidi wake ulirushwa moja kwa moja tangu Agosti 2018. Novemba 19, 2020, tume ikikutana hapa Braamfontein, katika ukumbi wa zamani wa baraza la jiji, Zuma aliondoka wakati wa mapumziko bila ruhusa. Jaji alipolitangaza hilo, nchi ilisikia papo hapo, kabla msemaji yeyote hajapata nafasi ya kulipamba.

Wasikilizaji wa Tanzania watakumbuka Januari 2016, Waziri Nape Nnauye alipoliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja, akitaja gharama. Gharama ipo, na huku humwangukia mtazamaji pia: Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilisema bei ya data iko juu mno, hasa kwa maskini wanaonunua vifurushi vidogo. Basi, mniwie radhi kwa upendeleo wa mtu wa redio, sheria iagize sauti pekee nayo irushwe, na rekodi kamili ihifadhiwe bila kukatwa.