HASIRA YA MKUTANO: MAFUNZO KUTOKA MJI WA ATHENS

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la chama)



Nimeombwa niseme juu ya miji ya Wagiriki wa zamani, jinsi walivyojitawala na jinsi walivyopigana. Huenda mtu akauliza, habari za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita zina faida gani kwetu sisi tunaolipa ada ya chama kila mwezi? Nitamjibu kwa habari zenyewe. Nawaomba mkumbuke tu kwamba miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka, yaani mwaka 480 ulitangulia mwaka 406.

Zama zile Ugiriki haikuwa dola moja. Ilikuwa na miji mamia, na kila mji ulikuwa na serikali yake, sheria zake na askari wake. Iliyosikika zaidi ni Sparta na Athens. Sparta ilikuwa na wafalme wawili na baraza la wazee. Wanaume wake walilelewa kuwa askari tangu utoto, na mashamba yao yalilimwa na watu waliofanywa watumwa katika nchi yao wenyewe.

Athens ilishika njia nyingine. Huko neno la mwisho lilikuwa la mkutano mkuu wa raia, uliokutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Tajiri alikuwa na kura moja, na mchukuzi wa bandarini alikuwa na kura moja. Majemadari kumi walichaguliwa kila mwaka kwa kunyosha mikono. Baraza la watu 500, lililotayarisha mambo ya kuletwa mkutanoni, lilipatikana kwa bahati nasibu ili wakubwa wasilishike peke yao. Na kila aliyepewa kazi ya mji, mwaka wake ukiisha, alitoa hesabu mbele ya watu.

Msidhani kwamba ilikuwa pepo. Wanawake hawakuwa na kura, wala wageni, wala watumwa. Fedha iliyoutajirisha mji ilichimbwa na watumwa katika machimbo ya Laurion. Jambo hilo tusilifiche.

Basi maskini wa Athens walipataje nguvu hata wenye mali wakawasikiliza? Waliipata kwa makasia. Mwaka 483 kabla ya Kristo ilipatikana fedha nyingi huko Laurion. Wengine walitaka raia wagawane, kila mtu achukue fungu lake nyumbani. Kiongozi mmoja, Themistocles, akawashawishi waitumie kujenga manowari. Mwaka 480 manowari hizo, pamoja na za miji mingine, ziliwashinda Waajemi katika mlango wa bahari wa Salamis. Na kila manowari ilihitaji wapiga makasia 170. Hao hawakuwa watu wa kumiliki farasi wala mavazi ya chuma. Walikuwa na mikono yao na migongo yao. Tangu hapo ilikuwa vigumu mtu kumwambia mpiga kasia anyamaze mkutanoni, maana mji uliokolewa kwa jasho lake.

Sasa, ndugu zangu, kupata nguvu ni jambo moja, na kuitumia vyema ni jambo jingine. Nitawapa visa viwili, vyote vya wakati wa vita virefu kati ya Athens na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 na kwisha mwaka 404.

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 427. Mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umeasi ukashindwa. Mkutano wa Athens, ukiwaka hasira, ukaamua wanaume wote wa mji ule wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Manowari ikaondoka siku ile ile kupeleka amri. Kesho yake watu wakaamka na mioyo mizito. Mkutano ukaitwa tena. Cleon akasema amri isibadilishwe. Diodotus akajibu kwamba kuua mji mzima, wenye hatia na wasio na hatia, hakuna faida hata kwa Athens yenyewe. Mikono ilipohesabiwa, Diodotus alishinda kwa tofauti ndogo sana.

Ikatumwa manowari ya pili, na ile ya kwanza imekwisha tangulia kwa mchana na usiku hivi. Wapiga makasia wakala unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta, huku wanavuta makasia, wakilala kwa zamu. Walifika wakati jemadari amekwisha kuisoma amri ya kwanza, naye yu tayari kuitimiza. Mji ukapona, ingawa wale waliohesabiwa kuwa vichwa vya uasi waliuawa. Mkutano uliweza kurudi nyuma, kwa sababu ulikubali kusikia neno mara ya pili.

Kisa cha pili hakikuwa na manowari ya pili. Mwaka 406 Athens ilipigana na Sparta baharini karibu na visiwa vya Arginusae, ikashinda. Lakini ilipoteza manowari 25, na kila moja huchukua watu kama 200. Wengi walikuwa bado wanaelea juu ya mbao. Majemadari wakaacha manowari 47 ziende kuwaokoa. Ikaja dhoruba kali, na watu wale wakafa maji.

Mjini watu walilia, na haki yao kulia, maana waliokufa walikuwa ndugu zao na wana wao. Majemadari sita waliorudi wakashitakiwa. Mmoja wa washitaki alikuwa Theramenes, naye mwenyewe alikuwa miongoni mwa manahodha waliopewa kazi ya kuokoa! Mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa kuwa giza liliingia na mikono haikuonekana. Katika mkutano uliofuata, Callixenus akaleta shauri kwamba wote wahukumiwe kwa kura moja, pasipo kusikilizwa kila mtu na neno lake.

Euryptolemus akasimama akasema shauri hilo linavunja sheria. Watu wakapiga kelele kwamba ni ajabu kubwa kuwazuia raia wasifanye wapendavyo. Walioongoza mkutano walikataa kwanza kupigisha kura, wakatishwa, wakakubali. Mmoja tu hakukubali, naye ni Socrates, yule mwenye hekima. Kura ikapigwa. Majemadari sita wakauawa, na mmoja wao alikuwa mwana wa Pericles, kiongozi mkubwa wa mji ule.

Haukupita muda mrefu watu wakajuta, wakataka Callixenus na wenzake washitakiwe kwa kuwadanganya raia. Lakini majuto hayafufui mtu. Mwaka 405 manowari za Athens zilitekwa karibu zote, na mwaka 404 mji ukasalimu amri. Sparta ikaweka watu 30 watawale, nao wakaua raia wengi. Mwaka 403 raia wakarudisha utawala wao, wakaapa kutolipizana kisasi. Kisha wakaandika neno hili: azimio lolote la mkutano au la baraza lisiwe na nguvu kuliko sheria.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wako watu wasemao kwamba kisa cha majemadari kinaonyesha wanyonge hawawezi kujitawala. Mimi sikubali. Hao watu 30 hawakuwa wanyonge, na waliua zaidi. Kosa la mkutano halikuwa kudai hesabu kwa viongozi. Kosa lilikuwa kukataa kumsikia mshitakiwa mmoja mmoja, na kumzomea aliyetaja sheria.

Ndugu wanachama, nasi tunayo nguvu ya kumwondoa kiongozi. Ni mali yetu, tusiiache. Lakini siku atakapolaumiwa mweka hazina au karani wa tawi, daftari zifunguliwe, naye asimame ajibu, kila mtu kwa jambo lake. Akiinuka mwanachama mmoja kusema, “Ndugu Mwenyekiti, katiba yetu yasemaje?”, tusimzomee. Huenda huyo ndiye manowari ya pili.